Haki ya Kikao Kimoja

Mara tatu asubuhi ile Naushin alinuia sala, na mara tatu moyo ulimponyoka katikati ya rakaa ya kwanza. Hakuwa amesahau maneno. Maneno alikuwa nayo tangu utotoni. Alichokosa ni uso wa kuyapeleka. Alibaki amekaa juu ya mkeka akiitazama mikono yake. Vidole vyote kumi vilikuwa vyeusi kwa maji ya maganda ya jozi, zile njugu kubwa zilizokuwa zikidondoka uani tangu siku waliyohamia. Kwa siku nne alikuwa amevisugua kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa majivu. Weusi haukutoka.

"Utajichuna ngozi bure," baba yake alisema kutoka kwenye kitanda cha kamba kilichowekwa uani. "Msimu huu kila mtu hapa Dheri ana vidole hivyo. Ndiyo dalili kwamba una mti."

Mzee Rabbani alilitamka neno hilo, una mti, kama mtu anayeonja asali. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa mwongoza ishara za treni Rawalpindi, na miaka yote hiyo waliishi katika nyumba za watu. Mapafu yalipoanza kumsaliti, daktari alimwambia aondoke kwenye moshi, apande milimani. Naushin, mtoto wake pekee, akaomba uhamisho wa ualimu, na ndivyo walivyofika kijiji hiki kilicho nje kidogo ya mji wa Mansehra. Miezi minane walipanga vyumba viwili vyenye unyevu. Sasa walikuwa na nyumba, ukuta wa mawe na mti. Alipaswa kufurahi.

"Mwalimu, upo?"

Aliyeita hakungoja kujibiwa. Bi Sarwar Jan, jirani wa upande wa pili wa ukuta, aliingia na sinia lililofunikwa kwa kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyekundu kwa hina na hatua zake zilikuwa za mtu aliyekuja na ghadhabu, ingawa si kwa wenyeji wake.

"Nimeleta mkate wa mahindi na mboga za haradali. Msinishukuru. Nilikuwa napika hata hivyo, na yule wa kumpikia nimemgomea."

"Umemgomea nani, khala?" Naushin alimwita khala, mama mdogo, kama walivyomwita wanawake wote wa darasa la alasiri. Bi Sarwar Jan, mwenye miaka sitini na ushee, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikisha jina katika darasa lile la akina mama wasiojua kusoma. Naushin alimshika kidole chake akamwongoza mpaka akaweza kuandika jina lake mwenyewe.

"Nani mwingine? Mwandishi wa hati mashuhuri. Jahanzeb. Wiki mbili sasa anakula mkate wa dukani, na ale! Mwanamume anayewaandikia madai yao watu wa tarafa nzima! Nyumba ya babu yake inauzwa, inapakana na yake, anapewa habari usoni, halafu anasema nini? Hongera! Hongera, Mzee Rabbani, umewahi kusikia?"

Mzee Rabbani alikohoa kwenye leso, akaikunja haraka.

"Khala, labda..." Naushin alianza.

"Usimtetee. Nimemuuliza, akili ilikuwa wapi? Ananijibu, 'Mama, nilizubaa.' Alizubaa! Marehemu baba yake alizubaa mara moja tu maishani, na siku hiyo alikuwa ameniona mimi."

Mzee Rabbani alicheka. Naushin hakuweza.

Bi Sarwar Jan aliweka sinia chini, akausogelea mti na kuugusa kwa kiganja. Miaka ishirini hakuwa amekanyaga ua ule. Zamani pande zote mbili zilikuwa nyumba moja, mpaka ndugu wawili walipogawana urithi na kuweka ukuta kati yao. Waliacha mlango mdogo ili wake zao wapitishiane chumvi. Kisha shemeji yake aliuza upande wake kwa Mwalimu Fazal, na Fazal, baada ya ugomvi wa maji ya mfereji, akauziba mlango kwa mawe.

"Hapa ndipo waliponishusha nikiwa bi harusi wa miaka kumi na saba," alisema. "Kitambaa kilinifunika uso, sikuona kitu isipokuwa mizizi hii. Mume wangu aliniachia neno moja tu alipokuwa anakata roho: Fazal akiondoka, ua urudi kuwa mmoja. Kwa nini unadhani nilijidhalilisha kukaa sakafuni na wanawake vijana nikikariri alifu na bee? Nilitaka niisome hati ya ua huu kwa macho yangu siku itakapoandikwa kwa jina letu." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, kisha akamgeukia Naushin na kumshika shavu. "Lakini kwenu sina kinyongo, mwanangu. Mlinunua kihalali. Na kama hatukuupata sisi, afadhali mti huu uwe na wewe kuliko mtu mwingine yeyote."

Alipoondoka, mkate wa mahindi ulibaki ukifuka moshi. Naushin hakuweza kumega hata kipande.

Mlinunua kihalali. Mungu alijua ilivyokuwa.

Nje ya ofisi ya ardhi kulikuwa na kibanda cha mabati, na chini yake Jahanzeb alikaa na taipureta yake akiwaandikia watu hati na maombi. Naushin alimfahamu hapo, akiwa na baba yake, walipoanza kutafuta nyumba bila kuelewa hata neno moja kati ya maneno ya madalali.

"Arbuni ni nini hasa?" alimuuliza siku ya kwanza, macho yake kwenye meza. "Dalali anaitaja kama salamu."

"Ni pesa ya kufunga mdomo wa muuzaji asiongee na mwingine. Ukibadili nia wewe, umeipoteza. Akibadili yeye, anakurudishia mara mbili."

"Na fard?"

"Nakala ya daftari la ardhi, inayoonyesha mwenye mali ni nani. Huku usinunue hata kuku kabla hujaiona."

"Kuku naye ana fard?"

"Wa huku wana mpaka warithi."

Mzee Rabbani alicheka hadi akakohoa. Tangu siku hiyo kila wiki walipata neno la kwenda kuuliza. Naushin aliyaandika maneno yote kwenye daftari, na Jahanzeb aliyaeleza kwa subira ambayo, wateja wengine walinung'unika, wao hawakuwahi kuipata. Katika miezi minane Naushin hakuinua macho kupita kidevu cha kijana yule. Lakini alikijua kidevu kile na kovu lake dogo, na akajua pia kwamba kila anapoinuka kuondoka, taipureta hunyamaza kwa muda.

Ndipo alipouliza kuhusu shufaa, haki ya jirani.

"Jirani ana haki ya kwanza kununua," Jahanzeb alimwambia. "Hata kama nyumba imeshauzwa, anaweza kuichukua kwa bei ileile. Ila ni haki yenye wivu. Akisikia habari, lazima adai palepale, katika kikao kilekile, kabla hajainuka, kabla hajasema neno jingine. Akichelewa, hata hakimu hawezi kuifufua."

"Hata kama ameshtuka tu?"

"Hata kama ameshtuka. Ndiyo maana huwaambia wateja wangu, habari ikikukuta una tonge mdomoni, liteme." Kisha akauliza, kwa upole, "Mnatazama nyumba ipi, Mwalimu?"

"Bado tunatafuta," alijibu.

Arbuni ya nyumba ya Fazal ilikuwa imeshatolewa siku tatu kabla.

Hati iliandikwa kwa mwandishi mwingine, mjini, kimyakimya. Na baada ya hati, Dalali Nisar alimvuta Naushin pembeni. "Kijana yule akisikia kwa mtu mwingine, nyumba imekwenda. Asikie kwako, mbele ya mashahidi, akili yake ikiwa mbali. Na sote tunajua akili yake huenda wapi wewe ukiingia, Mwalimu." Dalali alicheka. Naushin hakucheka, lakini usiku huo alimsikia baba yake akikohoa hadi alfajiri katika kile chumba chenye unyevu, na kesho yake alinunua peremende za maziwa, wakaenda kwa akina Jahanzeb kunywa chai.

Walikaa barazani watu wanne: yeye, baba yake, dalali na Jahanzeb, ambaye nyumba yao ilikuwa kwa jina lake. Bi Sarwar Jan alikuwa jikoni akikaanga. Naushin alisema, "Tumenunua nyumba ya Mwalimu Fazal. Hati imesajiliwa Jumanne." Kisha, kwa mara ya kwanza, akainua macho yake yote na kumtazama usoni.

Hakuyashusha. Alisikia mafuta yakichemka jikoni. Kikombe cha Jahanzeb kilisimama hewani, na uso wake ukafunguka kama uso wa mtu aliyetembea jua kali akapewa maji.

"Hongera," alisema.

Dalali alikohoa kidogo, akaitazama saa yake. Haki ya jirani ilikuwa imekwisha.

Sasa, uani, Naushin aliufunika mkate kwa kitambaa, akavaa shali yake. "Baba, naenda mara moja ofisi ya ardhi. Kuna neno nililielewa vibaya."

Jahanzeb alikuwa akimgongea mhuri mzee mmoja. Alipomwona, hakusimama. Alingoja mzee aondoke, akafuta miwani yake, akaangalia mikono ya Naushin kabla ya uso.

"Umeshaokota jozi."

"Hazitoki. Rangi, nasema. Haitoki."

"Mama husugua kwa mafuta ya haradali." Akauweka mhuri chini. "Alikuwa akisugua, mti ulipokuwa wetu."

Maneno hayo yalimwingia kama mwiba. "Nina jambo la kusema. Tafadhali usiniulize swali mpaka nimalize."

"Hapa watu hulipa kwa ukurasa, Mwalimu. Ufupishe." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamgomea.

"Siku ile ya chai," Naushin alisema, "nilijua. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, na mimi nikaligeuza somo lako kuwa mtego. Sikukutazama kwa sababu ya hongera wala kwa sababu ya furaha. Nilikutazama ili unyamaze."

Jahanzeb aliifunga kalamu yake taratibu.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mwezi ule tu nilikuwa nimeandika madai matatu ya shufaa. Unadhani mtu anayeandika maneno hayo kila wiki atayasahau kwa sababu ya macho? Hata kama ni yako?" Sauti yake haikupanda. "Nisar alikuwa na saa mkononi kama refa. Niliona. Neno lilikuwa limeshafika hapa." Akagusa koo. "Nikalimeza."

"Kwa nini? Kwa nini, Jahanzeb?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Wote wawili walilisikia.

"Kwa sababu ya baba yako. Hakuwa ananitazama mimi wala dalali. Alikuwa anautazama mti, juu ya ukuta, huku ameikunja leso yake ili nisione damu."

Machozi yalimtoka Naushin, hakuyaficha. Wateja wawili waliokuwa benchini waligeukia barabarani kwa adabu.

"Basi sikukudanganya."

"Kuhusu nyumba, hukunidanganya. Nyumba nilitoa, hunidai kitu." Alivua miwani tena ingawa ilikuwa safi. "Kuhusu macho, ulinidanganya. Kwa pumzi mbili hivi. Nilikuwa nimeshazungumza na mama kwamba baada ya mavuno aje kwenu kuposa. Miezi minane nilingoja uyainue. Ukayainua, nikamshukuru Mungu moyoni, na kabla sijamaliza kushukuru nikaona kwamba unahesabu muda upite. Hilo ndilo ulilonichukulia, Naushin. Kila nikiukumbuka ule mtazamo, sijui kama ulikuwa wangu au wa dalali."

"Ulikuwa wako." Alisema kwa shida. "Nilianza kwa hila, nikakusudia kuyashusha ukishasema neno. Ukasema, nikashindwa kuyashusha. Ndicho kinachonifukuza kwenye mkeka wa sala. Si kwamba nilikutega tu. Ni kwamba palepale ndani ya mtego moyo wangu ulifurahi."

Jahanzeb alivaa miwani yake. Taipureta ilikuwa kimya katikati yao.

"Mwambie mama," alisema mwishowe. "Mimi siwezi kujitetea bila kukuaibisha wewe, ndiyo maana nakula mkate wa dukani."

"Atanichukia."

"Huenda. Lakini ataacha kuniona mpumbavu." Akaivuta karatasi mpya. "Na kusema kweli, ule mkate wa dukani ni kama kutafuna bahasha."

Naushin alipofika nyumbani alimweleza baba yake kila kitu, amepiga magoti kando ya kitanda. Mzee Rabbani alijua kuhusu chai, kwa kuwa alikuwepo. Hakuwa amejua kuhusu lile "bado tunatafuta", wala maneno ya Nisar pembeni, wala posa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba kizibao chake.

"Twende."

"Leo, baba? Pumzika kwanza."

"Siku nne nimelala usingizi mtamu chini ya mti wa watu. Nimepumzika vya kutosha."

Bi Sarwar Jan alikuwa barazani akichambua maharage, daftari lake la darasani wazi pembeni. Naushin hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa chini, mahali ambapo wanafunzi hukaa, akasema yote, bila kumtaja dalali kwanza na bila kumtanguliza baba yake mgonjwa kama ngao. Alisema, "Mwanao hakuzubaa, khala. Mimi ndiye niliyemtega, naye alijua, akanyamaza kwa kutuhurumia."

Mikono ya Bi Sarwar Jan ilisimama ndani ya ungo.

Kimya kikawa kirefu. Kuku walipita, wakadonoa, wakaondoka. Naushin alikijua kimya cha namna hiyo. Alikuwa amemwekea mtu mwingine mtego wa kimya kama hicho barazani hapohapo. Sasa ilikuwa zamu yake kukingoja.

"Dada," Mzee Rabbani alisema, "kesho nitaenda kuandika hati ya kuwarudishia. Tutapata pengine."

"Pengine wapi?" Bi Sarwar Jan alimgeukia ghafla. "Kwenye moshi wenu? Ili mimi nikae chini ya mti nikivunja jozi huku nikikisikia kikohozi chako kutoka Rawalpindi? Kaa chini, mzee. Utaanguka hapa nianze na kesi ya pili."

Mzee Rabbani alikaa.

"Na wewe." Alimtazama Naushin kwa muda mrefu. "Ulinishika kidole hiki ukanifundisha kuandika jina langu. Kwa mkono huohuo ukanipokea mkate wangu leo asubuhi na kuniacha nimtukane mwanangu mbele yako."

"Ndiyo, khala."

"Sijakusamehe. Sitaki kukudanganya, katika nyumba hizi mbili udanganyifu umetosha. Siku nitakayokusamehe nitakwambia mwenyewe. Usije kuniuliza uliza."

"Ndiyo, khala."

"Ila leo nimefundishwa kwamba mtu akisikia habari, asiinuke kabla ya kudai." Alijiweka sawa pale alipokaa, akausukuma ungo pembeni, sauti yake ikawa ya mtu aliye mbele ya hakimu. "Nami sijainuka. Mzee Rabbani, wewe ni shahidi, na Mwenyezi Mungu ni shahidi. Nimesikia, na ninadai mlango wangu. Ule aliouziba Fazal. Nataka niingie chini ya mti ule bila kuzunguka barabarani kama mgeni. Na nyundo aishike yeye."

"Nitaishika," Naushin alisema.

"Leo."

"Leo, khala."

"Na yale mengine, ya baada ya mavuno, mkaulizane wenyewe. Mimi mdomo wangu leo umejaa." Akauvuta ungo, akaanza tena kuchambua, lakini maharage mabovu aliyatupa pamoja na mazima.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Naushin alipouanza ukuta. Hakuwahi kushika nyundo maishani mwake. Udongo mkavu ulimwingia machoni, shali ikamteleza, na jiwe la kwanza lilikataa hata kutikisika mpaka viganja vikamchubuka. Mzee Rabbani alikaa chini ya mti akimwelekeza kwa ishara zilezile za treni: simama, ngoja, haya pita. Kutoka upande wa pili alisikia lango likifunguliwa, kisha hatua zikasimama.

Jiwe lilitoka.

Tundu lilikuwa la ukubwa wa uso tu. Upande wa pili alikuwepo Jahanzeb, mfuko wake wa hati bado begani, na mkononi kipande cha mkate wa mahindi wa mama yake, kilichoumwa. Kwa mazoea Naushin alishusha macho. Aliyaona mawe, udongo, vidole vyake vyeusi. Hapakuwa na saa ya mtu yeyote hapo. Nyumba ilikuwa yao tayari, siri ilikuwa imekwisha, na heshima yake mbele ya Bi Sarwar Jan ilikuwa imebomoka kabla ya ukuta. Hakubakiwa na kitu cha kushinda.

Akayainua.

Jahanzeb alimtazama. Hakutabasamu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma hati kwa makini, neno kwa neno, akitafuta mahali palipofutwa.

"Unahesabu?" aliuliza.

"Hapana."

Aliendelea kumtazama. Kisha akaliweka kando lile tonge, akavua mfuko begani.

"Ondoa vidole," alisema. "Hili la chini nitalisukuma mimi."

Waliyatoa mawe sita kabla ya adhana ya magharibi, bila kuzungumza lolote jingine. Adhana ilipoita, Naushin alitia udhu kwa maji ya baridi ya bomba la uani, akatandika mkeka chini ya mti. Weusi wa vidole haukutoka, na sasa ulichanganyika na damu kidogo. Hakujaribu kuuficha. Alinuia, akaanza, na moyo ukakaa. Rakaa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alitoa salamu kulia, kisha akageuza uso kushoto, upande wa ukuta wenye tundu, akatoa ya pili.